Sifuri Iliyokatwa

"Usiilazimishe," fundi alisema. "Imekaa upande hiyo. Ukiivuta hivyo itavunjika, na ushahidi wako utageuka chuma chakavu."

Inspekta aliondoa mkono. Kamera ya marehemu ilikuwa imelazwa chali juu ya kitambaa cheupe, chini ya taa ya shingo ndefu, na lenzi yake imeinama upande mmoja kama jino lililopigwa ngumi. Haikuingia vizuri, haikutoka. Walikuwa wameikalia tangu saa mbili asubuhi, wawili hao, katika duka lenye upana wa mlango mmoja na nusu, bisibisi ndogo ndogo zimepangwa mezani kama vifaa vya daktari wa meno.

"Tuone kwanza vielelezo vingine," Inspekta alisema.

Kazini walimwita Tuone kwa sababu ya neno hilo. Vijana wakimletea mshukiwa aliyekamatwa motomoto, wakijisifu, yeye huvua miwani, huifuta, husema, "Tuone." Wengine walidhani ni uzito wa akili. Lakini katika kesi hii hakuwa amesema tuone. Alikamata mtu siku ya kwanza kabla jua halijazama, na kesho saa tatu mtu huyo angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua. Tangu juzi jambo fulani lilimkereketa. Akaenda maktaba akaazima kitabu cha kamera, akakisoma jalada hadi jalada, akatoka na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo. Ndiyo maana leo alikuwa hapa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ijumaa saa kumi jioni, mpigapicha mmoja mzee alikutwa amelala sakafuni katika studio yake ya ghorofani, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa jukwaa la saruji ambalo wateja husimama kupigwa picha. Mji mzima ulimwita Tulia, maana hakuna aliyepigwa picha naye bila kuambiwa neno hilo kwanza. Daktari alisema alikufa baada ya saa tisa. Alianguka mwenyewe au alisukumwa, hilo daktari hakuweza kulisema. Kamera ilikuwa mezani. Alama za vidole za watu wa nyumbani zilijaa kila mahali, pamoja na za mwenzake wa zamani wa kazi, anayeitwa Jicho. Kwa hiyo hazikusema lolote. Fundi cherehani wa mlango wa pili ndiye aliyesema. Mchana huo alimsikia Tulia na Jicho wakifokeana, kisha akamwona Jicho akishuka ngazi na begi.

Siku ya pili yake mjane aliletwa studioni kutazama rafu. Akaandika kwa mkono wake kilichopotea. Kitu kimoja tu: *lenzi ya 67*. Ndani ya begi la Jicho ilikutwa lenzi, na kifuniko chake kimeandikwa 67.

"Hebu nisomee tena," fundi alisema. Alikuwa mtu mnene, mwenye vidole vinene ambavyo hungeamini vinaweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi. "Kilichopotea ni nini?"

"Lenzi ya sitini na saba."

Fundi akacheka puani. "Nani kaandika? Si mpigapicha huyo."

"Mjane wa mpigapicha."

"Ndiyo. Afande, duniani hakuna lenzi ya sitini na saba. Labda iwepo moja kwa bahati mbaya. Lenzi huitwa kwa namna inavyovuta mbali: ishirini na nne, hamsini, themanini na tano, mia mbili. Hiyo sitini na saba ni upana wa hapa mbele." Akachukua lenzi ya Jicho kutoka kwenye mfuko wa vielelezo, akazungusha kidole kwenye ukingo wake. "Milimita. Hapa ndipo unapofungia filta, kile kioo cha kuchuja mwanga, na hapa ndipo kifuniko kinaposhika. Kifuniko chenyewe kimeandikwa namba ili usikichanganye na cha lenzi nyingine. Basi."

"Kwa hiyo zipo lenzi nyingi zenye sitini na saba."

"Fungua droo hiyo."

Inspekta akafungua. Vifuniko vyeusi, kadiri ya thelathini. Akavigeuza kimoja kimoja. Saba kati yake vilikuwa vya 67.

"Umemkamata mtu," fundi alisema, "kwa sababu viatu vyake ni namba nane."

Inspekta hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Lakini mjane hakusema uongo," alisema taratibu. "Kuna pengo kwenye rafu. Kuna lenzi ambayo yeye anaijua kwa jina hilo, na haikuwepo."

"Hilo sikatai."

"Hii iliyokwama. Upana wake wa mbele ni ngapi?"

Fundi akamtazama, kisha akaitazama ile kamera iliyolala chali. Lenzi hiyo haikuwa na kifuniko wala filta. Juu yake, kwa maandishi makubwa meupe, ilisomeka 85. Akavuta kioo cha kukuzia, akainama, akasogeza taa.

"Si imeandikwa hapa kwenye pete. Angalia mwenyewe."

Inspekta akainama. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo kama mguu wa sisimizi, paliandikwa: ⌀67.

Hakunyanyuka upesi. Alikaa hivyo hivyo, jicho kwenye kioo, mpaka fundi akadhani ameona kitu kingine. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa daftari la vielelezo, akalifunua ukurasa wa Ijumaa. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, umenyooka kama wa mwalimu: *Kamera moja, na lenzi moja iliyoandikwa 85, namba ya kitu 067.*

Fundi akasoma, akaangua kicheko. "Namba ya kitu! Afande, umeiona sifuri iliyokatwa! Hiyo si sifuri, ni alama ya upana, duara limepitishiwa ms..." Akaiona sura ya mwenzake, kicheko kikamfia mdomoni. "Samahani."

"Hapana. Cheka tu." Inspekta alitoa kalamu, akachora mstari mmoja juu ya kosa lake, akaandika sahihi pembeni, tarehe na saa, kama kanuni inavyotaka. "Mjane alipoletwa kwenye rafu, kamera hii nilikwisha kuifungia kituoni. Akaona nafasi ya sitini na saba iko tupu. Akaandika imepotea. Nami nilikuwa nayo kabatini kwangu."

"Kwa hiyo hakuna kilichoibwa."

"Hakuna. Na kuna mtu amelala mahabusu, kwenye saruji, siku nne."

Nje mtu alipita akisukuma toroli, magurudumu yakilia kwa kukosa grisi.

"Sasa twende nyuma," Inspekta alisema. "Nieleze imekwamaje. Mimi niliandika kwamba ilianguka pamoja naye, kisha mtu akaiokota akaiweka mezani."

"Kamera ikianguka huumia pembe. Hii pembe zake nzima." Fundi alipitisha bisibisi bapa kwenye ufa, akatikisa kidogo, akatikisa tena, akanong'ona kitu kama anambembeleza mtoto kunywa dawa. Lenzi ikachomoka. Akaweka vyote viwili ubavu kwa ubavu, mdomo ukitazama juu. "Mbele kuna mdomo wa filta, huo tumeumaliza. Huku nyuma ndiko lenzi inakouma kamera. Na kila ukoo wa kamera una mdomo wake. Watu wananunua lenzi kwa kuangalia namba ya mbele, wakifika nyumbani haiingii, wananijia na machozi. Mbele zinaweza kulingana kabisa, nyuma haziijui kamera."

"Na hivi viwili ni vya ukoo mmoja?"

"Mmoja. Ilipaswa iingie bila kelele. Tazama." Akachukua kamera nyingine kuukuu ya ukoo huohuo kutoka rafuni, na lenzi nyingine. "Nukta nyeupe ya lenzi kwa nukta nyeupe ya kamera. Sukuma ndani. Halafu kushoto." *Tk.* "Kushoto. Huu ukoo hufungwa kushoto. Upo ukoo mwingine, mkubwa vilevile, wao hufunga kulia. Sasa niambie unaona nini kwenye hii ya mzee."

Inspekta alitazama mdomo wa kamera ya marehemu. Ile pete ya chuma ilikuwa na mikwaruzo mipya, inayong'aa, mitatu au minne, yote ikianzia kwenye nukta. Kijipini kidogo cha kuzuia kilikuwa kimepinda.

"Kulia," alisema.

"Kulia tupu. Asiyejua kitu angeiweka popote, angejaribu huku, angejaribu kule, mikwaruzo ingetapakaa. Huyu ameweka nukta kwa nukta barabara. Ameisukuma vizuri. Kisha kazungusha kulia, ikamkatalia, kazungusha tena kulia, kwa nguvu." Fundi alishusha sauti bila kujua kwa nini. "Huyu ni mtu wa kazi, Afande. Anafunga lenzi kila siku ya Mungu, ila za ukoo wa pili. Mkono ulikwenda wenyewe. Kichwa hakikuwepo."

Inspekta aliandika hayo yote, neno kwa neno, akamsomea fundi, fundi akatia sahihi. Kisha akaomba kuazima ile kamera kuukuu na lenzi yake.

"Mpaka lini?"

"Mpaka jioni."

"Andika na hilo," fundi alisema.

---

Jicho alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, kamba za viatu zimetolewa, jicho la kushoto limefumbwa nusu. Hivyo ndivyo lilivyokuwa siku zote; miaka mingi ya kuchungulia kwenye kamera ilikuwa imelizoeza kulala.

"Umeniletea kazi?" alisema alipoiona kamera. "Kuna arusi humu ndani? Niambieni nichane nywele."

"Nifungie lenzi hiyo."

"Kwa nini?"

"Nataka kuona."

Jicho aliguna. Alichukua kamera mkono mmoja, lenzi mkono wa pili, macho yake yako usoni kwa Inspekta, na mikono ikafanya bila kuangaliwa. Kushoto. *Tk.* Akaifungua, akaifunga tena, kwa mazoea tu, kama mtu anayechezea vifungo vya shati.

"Umeridhika?"

"Umetumia ukoo huu muda gani?"

"Miaka ishirini na sita. Ya kwanza tulinunua mimi na Tulia, moja, tukawa tunaivaa shingoni kwa zamu. Leo shingo yako, kesho yangu. Baadaye tukagawana kazi, tukagawana vitu. Ile lenzi kwenye begi ni ya kwangu, nilikwambia siku ya kwanza. Alikaa nayo miaka mitatu. Nilikwenda kuichukua, tukazozana kama wake wenza. Tulikuwa tunazozana hivyo kila mwezi." Aliishusha kamera mapajani. "Aliponipa akasema, 'Kafie mbele nayo.' Ndilo neno lake la mwisho kwangu hilo. Ningejua, ningekaa tuzozane mpaka jioni."

Inspekta alifungua daftari lake.

"Ulitoka saa ngapi?"

"Saa tisa kamili, hivi."

"Ngazini ulikutana na nani?"

Mikono ya Jicho, ambayo ilikuwa haijatulia tangu aingie, ikatulia.

"Sikukutana na mtu."

"Aliyeshika kamera baada ya Tulia kuanguka ni mtu anayefunga kulia. Mpigapicha. Mimi nimeuliza kama wewe ndiye, na mikono yako imenijibu siye. Sasa nauliza, nani aliyezoea kuingia pale anafunga kulia?"

"Wapigapicha wamejaa mji huu."

"Wanaopanda ngazi zile?"

"Mkubwa," Jicho alisema, na mzaha wote ulikuwa umemtoka, "kesho mimi nakwenda kwa hakimu. Nimeshajiweka sawa. Acha iende."

"Umejiweka sawa kufungwa kwa jambo ambalo hukulifanya?"

Jicho aliifuta lenzi kwa pindo la shati. "Mimi sikujaliwa mtoto," alisema. "Tulia alijaliwa mmoja. Tukamgawana, kama ile kamera." Akasukuma kamera mezani, polepole, mpaka ikafika upande wa Inspekta. "Hayo ndiyo maelezo yangu. Andika yote, au usiandike kitu."

Inspekta aliandika saa tu. Kwenye ukumbi wa kituo alisimama dirishani, akampigia simu mhariri wa picha wa gazeti la mjini. Aliuliza kwanza juu ya Ijumaa, na akaomba jibu lirudiwe ili alinakili sawasawa. Binti wa marehemu, mpigapicha wa gazeti, alikuwa amesema Ijumaa alikuwa safarini hadi magharibi. Mhariri alifungua kompyuta yake. Hapana, alisema, alirudi mapema, picha zake alizileta mwenyewe saa nane na robo, na moja ikatoka ukurasa wa mbele. "Alifurahi sana siku hiyo," mhariri aliongeza. "Akaondoka na nakala ya majaribio, akasema anakwenda kumwonyesha mzee. Masikini. Sijui kama alimkuta."

"Gazeti lenu linatumia kamera za ukoo gani?"

Mhariri akamtajia. Ulikuwa ule wa kulia.

---

Nyumba ya Tulia ilikuwa na sebule ndogo, safi, viti vinne na meza yenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Mjane alimkaribisha, akamletea kiti ambacho hakikuwa kikiyumba, akakaa mbele yake, mikono magotini. Binti alikuwa mezani, bahasha za picha zimemzunguka, akizipanga kwa miaka. Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini, mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisalimia bila kunyanyua uso.

"Mama," Inspekta alisema, "nina swali dogo tu. Kwenye orodha uliandika lenzi ya sitini na saba. Kwa nini uliiita hivyo?"

Mjane akatabasamu, huenda lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu Ijumaa, na halikufika mbali. "Kwani inaitwaje? Sisi ndivyo tulivyozoea. Marehemu alikuwa akiwa na mteja jukwaani hawezi kuondoka, anapaza sauti: 'Niletee sitini na saba!' Tunasoma kwenye kifuniko, tunampelekea. Mimi, na huyu akiwa mdogo hata kusoma hajui vizuri. Alikuwa anazijua namba kwa sura. Nyumba hii hatujui lenzi kwa majina ya wazungu wala ya wataalamu. Sitini na saba, sabini na saba, hamsini na mbili. Kama namba za nyumba za jirani."

"Sitini na saba ndiyo aliyoipenda?"

"Ya sura za watu hiyo. Ndiyo iliyokula na kunywa naye." Akapangusa goti la kanga, ambalo halikuwa na vumbi. "Mmeipata?"

"Imepatikana, mama. Haikupotea. Ilikuwa kwenye kamera yake."

"Alhamdulillahi. Basi yule Jicho..." Mjane akageuka. "Unasikia, mwanangu? Baba yako mdogo hakuiba. Nilisema mimi. Yule mdomo mrefu, lakini mkono si mrefu."

Binti alikuwa ameacha kupanga picha.

Inspekta aliweka mkoba mapajani. Hakupenda alichotaka kufanya. Ilionekana kwa namna alivyochelewa kufungua zipu. Akatoa kamera kuukuu ya fundi na lenzi yake, akaviweka mezani mbele ya binti, katikati ya bahasha.

"Nisaidie," alisema. "Mimi sina ujuzi. Nifungie hii."

Binti aliitazama kamera. Aliitazama kwa muda ambao mtu hutazama chombo kilichomkata. Kisha akaichukua. Nukta kwa nukta, akasukuma, na kiganja chake kikazunguka mara moja, upesi, bila yeye.

Kamera ikagoma. Chuma kikalia juu ya chuma.

"Kushoto, mwanangu," mama yake alisema kutoka kitini, kwa sauti ya upole ya mtu anayemkumbusha mtoto mahali pa sukari. "Za baba yako ni kushoto. Gazeti limekuharibu mkono." Akamwambia Inspekta, kama anayeomba radhi kwa niaba ya nyumba: "Walimpa kamera zao, akazizoea. Marehemu lilimuuma hilo. Alikuwa akimtania, 'Umehama ukoo.' Lakini alikuwa akikata kila picha yake gazetini, usidhani."

Mjane alimtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Mama," binti alisema, "nenda ukamletee mgeni maji."

"Hajaomba maji."

"Nenda, Mama."

Mjane akainuka. Slipa zake zilisikika ukumbini, zikasimama katikati, zikaendelea.

"Kabla hujasema chochote," Inspekta alisema, "nisikilize. Maelezo yanaandikwa kituoni, mbele ya shahidi, na una haki ya kuwa na wakili. Hulazimiki kuniambia neno hapa."

"Alikata picha zangu?" binti aliuliza.

"Sijui. Mama yako ndiye anayesema."

"Mimi hakuniambia." Alikuwa bado ameshika kamera na lenzi, kila kimoja mkono wake. "Nilimpelekea gazeti. Ukurasa wa mbele. Alikuwa anabadilisha lenzi, akalitazama, akasema nzuri. Basi, nzuri. Halafu akanipa kamera na lenzi hivi, akasema hebu funga, tuone kama mkono bado unajua kwenu ni wapi. Alikuwa anatania, najua sasa alikuwa anatania. Mimi nilikuwa nimemletea ukurasa wa mbele. Nikamwambia niache, Baba. Alinishika mkono, nikauchomoa kwa bega. Hivi tu." Akaonyesha kwa bega, kidogo sana. "Akarudi nyuma hatua moja. Jukwaa lilikuwa nyuma yake."

"Usiendelee."

"Nilibaki nimeshika. Nikawaza, nikiifunga atafungua macho. Sijui kwa nini niliwaza hivyo. Nikaifunga, ikakataa. Nikaifunga, ikakataa." Akaviweka chini vyote viwili, taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala chumbani. "Baba mdogo tulipishana ngazini. Alinishika bega, akasema, nenda kamtulize mzee wako, leo amechacha. Siku nne nangoja aseme. Kila asubuhi navaa viatu nije kwenu. Kila asubuhi nikitoka chumbani namkuta Mama keshaamka, amekaa hapo ulipokaa."

Inspekta alitazama kiti alichokalia, kisha akainuka.

"Nina ombi moja," binti alisema. "Mama nimwambie mimi."

Inspekta alisimama muda wa mtu kuhesabu kumi. Kanuni haikusema lolote juu ya hilo, kukataza wala kuruhusu. Akatikisa kichwa kukubali, akatoka barazani, akauvuta mlango nyuma yake bila kuufunga.

Ilikuwa saa kumi na moja na jua limeanza kulegea. Alimpigia mkuu wa kituo.

"Tuone, faili la Jicho liko mezani kwangu, limeshafungwa kwa kamba!"

"Lifungue, mkuu. Lisiende mahakamani. Kosa ni langu, nimeliandika kwenye daftari, ukurasa wa Ijumaa, utaliona."

"Kumwachia kunataka sahihi mbili, na mwenye ya pili keshaondoka. Ni kesho asubuhi."

"Basi leo asilale ndani. Alale chumba cha zamu, apewe godoro. Na namleta mtu. Hataandikwa maelezo leo. Kesho, akiwa na wakili."

"Mtu gani?"

Ndani ya nyumba sauti ya binti ilikuwa ikisema kitu, chini chini, bila kupanda wala kushuka. Kisha ikakoma. Inspekta aliteremsha simu kutoka sikioni, akangoja kilio ambacho alikuwa amekisikia katika nyumba nyingi. Hakikuja. Kilikuja kimya, kikakaa, kikawa kirefu mpaka mkuu wa kituo akaanza kuita kwenye simu, "Halo? Halo?"

Akakata. Alifungua daftari juu ya ukuta wa baraza, akaandika tarehe, akaandika: *Uhusiano na marehemu: mtoto wa pekee.* Mstari uliofuata aliuacha.

Mlango ukasukumwa. Mjane alisimama kizingitini, glasi ya maji ingali mkononi mwake, imejaa, haijamwagika hata tone. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Baba," alisema, "huko mnakompeleka, usiku kuna baridi?"

Inspekta alifunga daftari.

"Ipo, mama."

"Huyu hubanwa na kifua."

Akampa glasi, akarudi ndani. Kabati likafunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena. "Lile sweta la kijivu," sauti yake ilisema, "uliliweka wapi?" Na baada ya muda, kwa kuwa hakujibiwa: "Niambie tu, mama'ngu. Nitaliona."